Kufundisha watu kumhoji mtoto: mwongozo wa mkufunzi, Kigoma

Maswali ya wakufunzi ni yale yale kila mara. Semina iwe ya siku ngapi? Tumwite nani? Mazoezi tufanye na watoto halisi? Mtoto asiyejua Kiswahili tumfanyeje? Mwongozo huu wa kumhoji mtoto anayedhaniwa kufanyiwa ukatili ni wako wewe uliyekabidhiwa kuwanoa askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, maofisa ustawi wa jamii, wauguzi wa Kituo cha Mkono kwa Mkono au waendesha mashtaka, uwe Kigoma Ujiji, Kasulu, Kibondo, Kakonko, Buhigwe au Uvinza.

Swali la siku tulimalize mapema. Semina ya mfululizo yenye cheti mwishoni haibadilishi namna mtu anavyouliza. Itamfanya ajue swali zuri ni lipi na aweze kulieleza ubaoni, lakini akikaa mbele ya mtoto anayenyamaza atarudia maswali yake ya zamani. Michael Lamb na wenzake wa Marekani, waliotengeneza itifaki ya mahojiano ijulikanayo kama NICHD (kifupi cha jina la taasisi ya Marekani ya afya ya mtoto), waliliona hilo kwa kupima: wahoji walifanya vizuri muda wote walipokuwa wakisikilizwa na kupewa mrejesho, na mrejesho ulipokoma, ubora ukashuka. Kwa hiyo ratiba tunayopendekeza ni siku 3 za pamoja, kisha vipindi 6 vya nusu siku, kimoja kila baada ya wiki 2. Jumla wiki 12.

Andaa haya kwanza

- Washiriki 9 au 12, ili wagawanyike watatu watatu. Wakizidi 12 utageuka mhadhiri. Omba majina ya watu wanaokutana na watoto kazini, si ya waliofikiwa na zamu ya posho, na umsihi mkuu wao asiwahamishe dawati katikati ya mafunzo.
- Wakufunzi 2. Mmoja anaongoza, mwingine anasikiliza na kuhesabu.
- Waigizaji 3, watu wazima. Walimu wa awali na wa darasa la kwanza wanafaa sana, kwa kuwa wanajua mtoto wa miaka 7 anavyojibu. Watoto halisi hawaingii kwenye mazoezi, hata wa mshiriki mwenyewe, hata kwa kisa cha kubuni.
- Simu 4 za kurekodia. Ziwekwe hali ya ndege, zitolewe WhatsApp, zifungwe kwa namba ya siri, zilale kabatini.
- Kadi 12 za visa vya kubuni. Usichukue jalada halisi ukabadilisha jina. Mji huu ni mdogo. Ukisema "mtoto wa darasa la tatu, baba ana mtumbwi, anakaa karibu na mwalo", nusu ya ukumbi imeshamjua.
- Fomu ya kuhesabia maswali, nakala 60. Karatasi moja yenye safu tano inatosha. Safu zenyewe ziko hatua ya 2.
- Chumba chenye dari. Mvua ikipiga bati tupu, na huku inanyesha tangu Oktoba au Novemba mpaka Aprili, simu hainasi chochote zaidi ya mvua. Kikae mbali na jenereta na spika za duka la jirani.
- Mshauri nasaha mmoja, awepo siku zote 3. Katika watu 12 usishangae yupo aliyepitia hayo mnayoyafundisha.
- Nauli ya vipindi 6 vya ufuatiliaji, itengwe kabla ya chai na vitafunwa. Bajeti nyingi hufia hapa. Mshiriki aliyepangiwa Kalya hawezi kuja mjini kila wiki 2. Mpangie mazoezi kwa simu, yeye akimhoji mwigizaji na wewe ukisikiliza.

Hatua

1. Rekodi kabla hujafundisha neno lolote. Asubuhi ya siku ya kwanza, mara baada ya kusalimiana, kila mshiriki amhoji mwigizaji kwa dakika 10. Usieleze kanuni, usisahihishe. Kwa waigizaji 3 na washiriki 12 utatumia karibu saa moja. Rekodi hizi zihifadhiwe, ndizo kipimo chako wiki ya 12. Ukiziruka, mwisho wa mafunzo utabaki na hisia tu kwamba "wameiva".

Kisa cha kuanzia kisihusu ukatili wowote. Tumia baiskeli iliyoibwa gulioni, au ugomvi wa watoto kisimani. Kisa kizito kinawavuta washiriki kwenye uchungu wa habari na wanasahau kuwa zoezi ni la maswali.

2. Fundisha aina tano za maswali, na kila aina iwe na mifano ya Kiswahili cha hapa.

*Ombi wazi:* "Niambie kila kitu kilichotokea." "Halafu ikawaje?" Haya yanamwachia mtoto uwanja.

*Ombi wazi linaloshika neno la mtoto:* "Umesema alifunga mlango. Niambie zaidi hapo alipofunga mlango." Hili ndilo jembe la kazi hii. Mshiriki akitoka na ujuzi mmoja tu, uwe huu.

*Swali la nani, wapi, lini, nini:* "Mlikuwa wapi?" Ni halali, lakini lije baada ya maombi wazi.

*Swali la ndiyo/hapana au la kuchagua:* "Ilikuwa ndani au nje?" "Alikushika?" Liwe la mwisho, na likitumika lifuatwe papo hapo na ombi wazi: "Niambie zaidi kuhusu hilo."

*Swali elekezi:* "Alikutishia, si ndiyo?" "Ni yule mjomba, eti?" Hili halina mahali pake.

Usiwape nadharia ndefu. Dakika 40, basi. Wakitaka kujua kwa nini swali elekezi linaogopwa, wape kesi ya shule ya awali ya McMartin huko California. Tuhuma zilianza 1983, watoto wengi wakahojiwa kwa maswali ya kushinikiza na kudokezewa majibu, na kesi ikaisha 1990 bila hata mtu mmoja kutiwa hatiani. Maswali mabaya yanaweza kumtia matatani asiye na kosa, na pia yanaweza kumwachia mwenye kosa, kwa sababu ushahidi wa mtoto umeshachafuliwa.

3. Wafanyishe zoezi la kugeuza maswali, kwa mdomo, haraka. Kaeni duara. Wewe unasoma swali bovu, mshiriki analigeuza ndani ya sekunde 5, zamu inapita. Maswali 50, asubuhi na jioni, siku zote 3.

"Alikupiga?" inageuka "Niambie alichofanya."
"Ulikuwa unaogopa?" inageuka "Ulijisikiaje?"
"Alikuita ndani akakupa hela?" inageuka "Ulifikaje ndani?"
"Kwa nini hukupiga kelele?" hilo linafutwa. "Kwa nini" ikielekezwa kwa mtoto ni lawama, kwa Kiswahili na kwa Kiha.

Jambo moja la lugha yetu linahitaji nusu saa yake: swali la kukanusha. Muulize mtoto "Hakukugusa?", naye atajibu "Ndiyo", akimaanisha "ndiyo, hakunigusa". Askari anaandika "ndiyo" na kuelewa kwamba amemgusa. Mwaka mmoja baadaye wakili anasoma maelezo yale na kila mtu anakuna kichwa. Piga marufuku maswali yote yanayoanza na *hu-*, *ha-* au *si-* ya kukanusha. Weka sahani mezani. Anayeteleza anaweka shilingi 100 ndani yake. Mchana wa siku ya pili sahani haina kazi tena.

4. Fundisha mwanzo wa mahojiano kama kipande kinachojitegemea. Mwanzo una mambo manne, na yasizidi dakika 15 hivi.

(a) *Kujitambulisha.* Bila sare. Mtoto wa hapa hatamwita mtu mzima kwa jina tupu. Atasema mama, baba, anti, kaka, mjomba. Mwache. Ila usikubali jina la undugu linalofanana na la mtuhumiwa. Kama anayetajwa ni "mjomba", chumbani asiwepo mjomba mwingine. Shikamoo ipokee kwa ufupi, usiigeuze somo la adabu.

(b) *Kanuni, kila moja na jaribio lake.* Mtoto aliyelelewa kuwaitikia wakubwa hajui kuwa anaruhusiwa kumkatalia mtu mzima. Kumwambia tu hakutoshi, mjaribishe:
"Nikikuuliza mbwa wangu anaitwa nani, utasema nini?" Akijibu "sijui", sema: "Sawasawa. Hujui, na ni vizuri ukisema hujui."
"Nikisema wewe una miaka miwili, utasemaje?" Asubiriwe akusahihishe. Akinyamaza kwa heshima, mwambie wazi: "Hapa nikikosea unaniambia, sitakasirika."

(c) *Ahadi ya kusema kweli.* Sheria ya Ushahidi, kama ilivyorekebishwa 2016, inamruhusu mtoto asiyezidi miaka 14 kutoa ushahidi mahakamani bila kiapo, akiahidi kusema kweli na si uongo. Kwenye mahojiano yako ahadi hiyo si kiapo cha mahakama, lakini inamzoesha. Maneno yawe mafupi: "Leo tunaongea mambo yaliyotokea kweli. Utaniambia ya kweli?" Usimtishe kwa moto wala kwa jela.

(d) *Zoezi la kusimulia.* Dakika 5 mpaka 7 mtoto asimulie jambo la kawaida: "Niambie jana, tangu ulipoamka mpaka ulipofika shule." Hapa mhoji anazoea kunyamaza na mtoto anazoea kuongea. Washiriki hulidharau zoezi hili, wanaliona la kupoteza muda. Mtoto asiyefunguliwa hapa atajibu kwa neno moja moja mpaka mwisho. Onyo: usichague sikukuu au safari kabla hujajua tukio lilitokea lini. Utamwomba asimulie Idi kwa furaha, kumbe ndiyo siku yenyewe.

5. Fundisha mlango wa kuingilia kwenye jambo. Sentensi ni moja: "Sasa nimekufahamu kidogo. Niambie kilichokuleta hapa leo." Kisha kimya. Hesabu moja mpaka kumi moyoni. Sekunde 10 za kimya kwa mshiriki mpya ni kama saa nzima, na ndipo anapoharibu.

Mtoto asiposema, panda ngazi kidogo kidogo: "Nimesikia uliongea na mwalimu. Niambie mliongea nini." Kisha: "Nimesikia kuna jambo limekusumbua." Haitajwi sehemu ya mwili, halitajwi jina la mtu, halitajwi tendo. Ngazi zikiisha naye hajasema, mahojiano yanasimama kwa upole na siku nyingine inapangwa.

6. Igizo, kwa kanuni kali kwa mwigizaji. Hiki ndicho kiini cha siku ya pili na ya tatu. Katika kila kundi la watatu, mmoja anahoji, wa pili ni mtoto, wa tatu anahesabu. Dakika 10, kisha mrejesho dakika 10, kisha zamu. Waigizaji uliowaandaa wapokezane kwenye makundi, na mshiriki anayecheza mtoto naye afuate kanuni zao:

- Ukiulizwa ombi wazi, toa mambo matatu au manne yaliyo kwenye kadi.
- Ukiulizwa nani/wapi/lini, toa jambo moja.
- Ukiulizwa ndiyo/hapana, sema "ndiyo" na unyamaze.
- Ukiulizwa swali elekezi, kubali, hata kama ni uongo.

Kanuni hizi zinafanya swali lenyewe liadhibu au litoe zawadi. Tazama kadi ya baiskeli: *Una miaka 8. Uko gulioni. Dada wa dukani anatoka, anatazama huku na huku, anashika usukani. Baiskeli haina kufuli. Anaisukuma, hapandi. Anapita kwa mama muuza ndizi.*

Jaribio la kwanza linakuwa hivi:

— Niambie kilichotokea.
— Nilimwona mtu anachukua baiskeli.
— Alikuwa mwanaume?
— Ndiyo.
— Mrefu?
— Ndiyo.
— Alivaa shati jeusi, si ndiyo?
— Ndiyo.

Kwa maswali manne amezaliwa mwanaume mrefu mwenye shati jeusi ambaye hayupo kwenye kadi. Kiswahili chetu kilisaidia kosa, kwa kuwa *a-* ya "anachukua" haisemi kama ni mke au mume, naye mhoji akaijaza mwenyewe. Msomee mshiriki kadi kwa sauti baada ya zoezi. Huhitaji kumhutubia.

Jaribio la pili:

— Umesema ulimwona mtu anachukua baiskeli. Niambie kila kitu kuhusu hapo.
— Alitoka dukani, akaangalia huku na huku, akashika usukani. Haikuwa na kufuli.
— Akashika usukani. Halafu ikawaje?
— Akaisukuma, hakupanda. Akapita kwa mama muuza ndizi.
— Huyo mtu, niambie unachojua kumhusu.
— Ni dada wa dukani.

Kadi za ukatili zianze alasiri ya siku ya pili, baada ya kila mshiriki kumaliza baiskeli bila swali elekezi hata moja.

7. Fundisha maneno ya mtoto yaandikwe yalivyo. Watoto wanasema "alinifanyia tabia mbaya", "alinifanyia matusi", "alinichezea", "mdudu wake". Mwandishi wa maelezo ana hamu ya kuandika "alinibaka" au "aliniingilia kimwili", kwa kuwa ndiyo lugha ya hati ya mashtaka. Asifanye hivyo. Mahakama ya Rufani inaelewa kuwa mtoto husema kwa staha, na haidai maneno ya sheria kutoka kinywani mwake. Kinachotia shaka ni maelezo ya mtoto wa miaka 7 yenye maneno ya mwanasheria. Neno lisiloeleweka liombewe ufafanuzi: "Umesema tabia mbaya. Niambie tabia mbaya ni kufanya nini."

Hapa pia pigieni mstari maneno yenye maana mbili. *Mkono* unaweza kuwa kiganja au mkono mzima. *Baba* anaweza kuwa mzazi, baba mdogo, mwenye nyumba au mtu mzima yeyote anayeheshimiwa. "Kuna baba wangapi unaowaita baba? Huyu ni yupi?" Na saa: mtoto akisema "saa mbili usiku", iandikwe saa mbili usiku. Kuna waliozoea ripoti za kizungu wanaandika 2:00, na tukio linahama kwa saa sita.

Kuhusu tarehe, mtoto mdogo hana. Ana vielelezo vyake: siku ya gulio, wiki ya mitihani, mvua za kwanza, treni ilipofika. Kwenye vijiji vya ziwani ana kingine kizuri zaidi. Wavuvi wa dagaa huingia ziwani na taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kubwa hupumzika. Basi uliza "Usiku ule watu wa nyumbani walikuwa wapi?" Jibu la "baba alikuwa ziwani" linaweza kukupa nusu ya mwezi bila kalenda, nawe utaulinganisha na mengine baadaye.

"Ilitokea mara ngapi?" nalo liacheni. Mtoto atataja namba yoyote kukuridhisha. Uliza "Ilitokea mara moja au zaidi ya mara moja?", hili likiwa swali la kuchagua tunaloliruhusu, na akisema zaidi, "Niambie mara unayoikumbuka vizuri kuliko zote."

8. Tenga nusu siku kwa wakalimani, na wawepo ukumbini. Kigoma bila mada hii ni mafunzo nusu. Kuna mtoto wa Buhigwe anayeongea Kiha na Kiswahili ni cha shuleni tu, kuna Mrundi aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nduta, kuna Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ambaye Kiswahili chake si cha vitabuni. Huyu wa tatu ndiye anayeponza watu wengi, kwa sababu kila mmoja anadhani ameelewa. Akisema "iko na kisu" ameshasema kwamba mtu ana kisu. Usimsahihishe, na usimwekee mkalimani asiyejua Kiswahili hicho.

Mkalimani afundishwe mambo machache kwa mazoezi, si kwa maneno. Aseme "mimi" mtoto anaposema "mimi", asiseme "anasema kwamba". Asilainishe neno la aibu. Asiongeze swali lake. Swali wazi libaki wazi: wengi wanapokea "Niambie ilivyokuwa" na kulitoa upande wa pili kama "Je, alikupiga?", maana kwao huko ndiko kusaidia. Njia ya kuwanasa ni kurekodi na kumpa mtu wa tatu ajuaye lugha zote mbili arudishe swali kwa Kiswahili. Kicheko cha ukumbi kitafundisha kuliko wewe.

Maneno ya wakati yafanyiwe orodha. Kwa Kirundi *ejo* ni jana na pia ni kesho, na kinachotofautisha ni maneno mengine ya sentensi. Mkalimani asiyekuwa makini anatoa siku isiyo yenyewe.

Mama, jirani, kiongozi wa zoni ya kambini au mtoto mwenzake si mkalimani. Mwenye undugu na upande wowote naye hapana.

9. Mrejesho wa wiki 12. Kila baada ya wiki 2 mshiriki alete rekodi moja ya dakika 10. Iwe ya mazoezi. Rekodi ya mtoto halisi isitoke ofisini kwake; hiyo isikilizwe hapo hapo na msimamizi mwenye mamlaka ya kuisikia.

Nukuu dakika 5 neno kwa neno. Ndiyo, ni kazi. Dakika 5 za sauti zinachukua karibu dakika 30 za kuandika. Mshiriki aandike mwenyewe. Akisikia sauti yake ikimkatiza mtoto mara tano, husemi kitu. Kisha mhesabu pamoja kwa safu tano. Lengo tunaloweka: nusu ya maswali, au zaidi, yawe ya aina mbili za kwanza, na safu ya elekezi iwe sifuri. Mrejesho uwe wa jambo moja zuri na jambo moja la kurekebisha. Ukimpa makosa nane atarekebisha sifuri.

Wiki ya 12 rudia zoezi la hatua ya 1, kisa kipya, mwigizaji asiyemjua. Linganisha karatasi mbili. Cheti kitolewe hapo, si siku ya tatu.

Onyo lisilosubiri zamu yake

Mahojiano hayatangulii hospitali. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72 tangu tukio, na mapema ndiyo bora. Mshiriki afundishwe kuuliza kwanza kama mtoto ameshafika hospitali, na kwamba PF3, fomu ya polisi ya matibabu, iandikwe upesi bila kumfanya mtoto asimulie yote kaunta, mbele ya foleni. Pia, mtu akitaja ukumbini kisa cha mtoto halisi aliye hatarini, zoezi linasimama na taarifa inapelekwa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Namba 116 ya msaada kwa mtoto ni ya bure; ibandike ukutani.

Mambo yakikwama

*Washiriki wanarudi kwenye ndiyo/hapana kila mtoto anaponyamaza.* Hawana akiba ya la kusema. Wape kadi ndogo ya mfukoni yenye sentensi nne tu: Niambie zaidi. Halafu ikawaje? Umesema ___, niambie hapo. Tangu ___ mpaka ___, niambie kila kitu. Kuishika wakati wa kuhoji si aibu.

*Mwigizaji analia na kugaagaa.* Anatafuta makofi. Mkumbushe kanuni nne, umpunguzie hisia. Mtoto mwingi wa kweli hukaa kimya, anachezea pindo la nguo, anatazama chini. Na hapa waeleze washiriki: kutazama chini ni adabu aliyofunzwa, si dalili ya uongo.

*Mshiriki anasema "pole" kila sentensi.* Inatoka moyoni, lakini mtoto anajifunza ni maneno gani yanayoleta pole. Pole moja mwanzoni, nyingine mwishoni. Katikati, "mmh" ya sauti ile ile kwa kila jibu. "Mungu wangu!" haipo kabisa.

*Soda.* Maji au chai itolewe kabla, bila sharti. "Ukimaliza kusema nitakununulia soda" ni malipo ya ushahidi, na wakili atalijua hilo.

*Mzazi anang'ang'ania kuingia.* Akae chumba cha jirani na mtu wa kumsikiliza. Mtoto hasemi mbele ya mama anayelia, na wakati mwingine mama ndiye anayemlinda mtuhumiwa. Kama mtoto mdogo hakubali kuachwa, mzazi akae nyuma yake, asionekane usoni, asitie neno.

*Mkuu wa kituo anataka maelezo ndani ya nusu saa.* Mwalike asubuhi ya siku ya kwanza, umfanyishe zoezi la baiskeli kama wengine. Barua haimsaidii, baiskeli inamsaidia.

*Mtoto alisema, leo anakana.* Usimwite mwongo wala usimkumbushe alichosema. Uliza: "Niambie kilichotokea tangu tulipoonana mara ya mwisho." Mara nyingi utasikia habari ya kikao cha familia, au ya ng'ombe aliyeletwa kumaliza jambo.

*Mshiriki anatoka nje na harudi.* Mshauri nasaha amfuate, si wewe. Asilazimishwe kueleza, asipewe kadi ya ukatili siku hiyo. Anaweza kubaki kama mhesabuji. Wapo wanaohesabu vizuri kuliko wote.

*Umeme umekatika katikati ya kurekodi.* Simu zilizojazwa chaji usiku hazijali. Tatizo ni mshiriki aliyeacha yake kwenye soketi na kuitegemea.